UCHANGANUZI: Kibali cha kulea watoto nyumbani bado ni kitendawili Migori na Homa Bay

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walinena wahenga. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kazi hiyo ya kulea imegeuka kuwa biashara ndogo ambayo kina mama huifanya katika nyumba zao wenyewe, wakiwatunza watoto wa majirani wanaokwenda kutafuta riziki na kulipwa kwa siku. Ni huduma inayohitajika mno. Hata hivyo, mwanamke anayetaka kuitoa kwa kufuata sheria hukabiliwa na msururu wa vibali uliobuniwa kwa ajili ya majengo makubwa, wala si kwa ajili ya sebule yenye watoto watano.

Matokeo yake ni kwamba walezi wa aina hiyo huwa hawaombi kibali chochote. Huendesha shughuli zao kimyakimya, nayo serikali ya kaunti haiwaoni. Anayeumia katika hali hiyo ni mtoto. Nyumba isiyojulikana haikaguliwi, na katika nyumba isiyokaguliwa hakuna ajuaye iwapo choo ni safi, maji ni salama, au iwapo kuna njia ya pili ya kutorokea moto unapozuka.

Uzito wa suala hili unatokana na namna wakazi wa kaunti hizi mbili wanavyojikimu. Kulingana na sensa ya mwaka wa 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, nayo Migori ilikuwa na watu 1,116,436. Wengi wao hutegemea kazi zisizo na mwajiri wa kudumu. Katika fuo za Ziwa Victoria, kuanzia Muhuru Bay hadi Mbita na Kendu Bay, wanawake hufika alfajiri kununua omena kutoka kwa wavuvi waliokesha majini, kisha hushinda juani wakiwaanika. Huko Nyatike, katika machimbo yaliyo karibu na Macalder, wanawake huponda mawe yenye dhahabu na kuyaosha kwa zebaki. Awendo kuna mashamba ya miwa yanayokilisha kiwanda cha Sony, na mjini Isebania biashara ya kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania huanza kabla ya jua kuchomoza.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayofaa kufanywa mtoto akiwa mgongoni. Ufuoni kuna maji ya kina. Machimboni kuna vumbi na zebaki, kemikali inayodhuru ubongo wa mtoto anayekua. Kando ya barabara ya Isebania kuna malori. Mama anayempeleka mwanawe kwa jirani mwenye ua na kivuli huwa anamwondolea hatari hizo, awe jirani huyo ana kibali au hana.

Taasisi za umma nazo hazimsaidii mama huyo katika kipindi anachohitaji msaada zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Muuza samaki hana likizo. Elimu ya chekechea, ambayo serikali za kaunti zimeijengea madarasa tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Kati ya likizo hiyo na darasa hilo kuna pengo la zaidi ya miaka mitatu na nusu, na pengo hilo ndilo linalojazwa na walezi wa mitaani.

Hapo awali lilijazwa na nyanya na shangazi. Lakini janga la Ukimwi, ambalo liliathiri eneo hili kuliko sehemu nyingi za nchi, liliwaachia nyanya wengi mzigo wa kulea wajukuu mayatima bila msaada. Aidha, familia changa zinazopanga vyumba katika miji ya Rongo, Oyugis, Migori na Homa Bay huishi mbali na jamaa zao. Kwa familia hizo, mlezi wa kulipwa ni lazima, si anasa.

Je, sheria inamtaka mlezi huyo afanye nini? Jibu linaanzia katika Katiba ya mwaka wa 2010. Jedwali la Nne limezikabidhi serikali za kaunti majukumu mawili yanayokutana katika suala hili. La kwanza ni elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. La pili ni mipango na ustawi wa kaunti, ikiwemo nyumba. Kwa maneno mengine, anayepaswa kusimamia malezi na anayepaswa kutoa idhini ya matumizi ya jengo ni serikali moja, ingawa ofisi ni tofauti.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka wa 1996, inakataza mtu yeyote kufanya ustawishaji katika kaunti bila idhini ya waziri wa kaunti anayehusika. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Kwa mwanamke anayelipwa kwa siku, na ambaye siku samaki wakikosekana halipwi kabisa, faini hiyo inatosha kumtia hofu hata kabla hajafika mlango wa ofisi.

Muhimu zaidi ni maana ya neno "ustawishaji" katika sheria hiyo. Halihusu ujenzi pekee. Linajumuisha pia badiliko la msingi katika matumizi ya jengo lililokwisha kujengwa. Hivyo basi, mtu anayeigeuza nyumba ya kuishi kuwa chekechea yenye madarasa, vitanda na wafanyakazi anahitaji idhini ya kubadilisha matumizi, hata kama hajaongeza tofali moja.

Lakini je, mama anayeishi katika nyumba yake, anayepika na kulala humo, na ambaye mchana huwaangalia watoto wanne wa majirani pamoja na wake wawili, amebadilisha matumizi ya nyumba hiyo kimsingi? Sheria hiyo haitaji idadi ya watoto. Uamuzi umeachiwa maafisa wa kaunti. Pasipo mwongozo ulioandikwa, afisa mmoja anaweza kumruhusu mlezi kwa neno tu, na mwingine akamtaka afuate utaratibu mzima.

Utaratibu huo si mwepesi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha hati za umiliki wa ardhi au ridhaa ya mwenye ardhi. Hutakiwa kuthibitisha kwamba ada za ardhi zimelipwa. Pale matumizi yanapobadilishwa, ombi huandamana na ripoti ya mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, ambaye ni sharti alipwe. Umma hujulishwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na idara nyingine za serikali huombwa maoni. Baada ya hapo bado kuna leseni ya biashara inayolipiwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria ya fedha ya kaunti, na ukaguzi wa afisa wa afya ya umma.

Sharti la umiliki ndilo linalowakwamisha walezi wengi. Katika maeneo ya mashambani ya kaunti hizi, aghalabu ardhi ingali imesajiliwa kwa jina la baba mkwe au babu aliyefariki, na familia haijakamilisha taratibu za urithi mahakamani. Mwanamke aliyeolewa katika boma hilo anaweza kuwa amelilima kwa miaka ishirini bila jina lake kuonekana katika hati yoyote. Mjini, mlezi huwa mpangaji. Mwenye nyumba akisikia habari za kubadilisha matumizi ya ploti yake, huhofia kuongezewa ada na huenda akaamua kumwambia ahame.

Kuna kinga kadhaa ambazo wananchi hawazifahamu. Sheria hiyo ya mwaka wa 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, idhini itahesabiwa kuwa imetolewa. Aliyenyimwa anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 mbele ya kamati ya kaunti ya uwiano wa mipango, nayo kamati inatakiwa kuamua katika siku 14. Asiporidhika, anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hata hivyo, kinga hizi humfaa tu yule aliyewasilisha ombi lililokamilika na kuhifadhi stakabadhi yenye mhuri na tarehe. Anayeambiwa kwa mdomo kwamba "rudi wiki ijayo" hana la kuonyesha.

Wapo wanaohoji kwamba masharti haya yote yanafaa, na hoja yao haiwezi kupuuzwa. Mnamo Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent katika eneo la Dagoretti, Nairobi, liliporomoka na kuwaua wanafunzi wanane. Mnamo Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha katika Kaunti ya Nyeri na kuangamiza wavulana 21. Baada ya kila mkasa, Wakenya huuliza aliyekagua jengo alikuwa nani. Ni haki yao kuuliza, na jibu haliwezi kuwa kwamba majengo ya watoto yaachwe bila kuangaliwa.

Majirani pia wana haki zao. Watoto ishirini katika ploti yenye choo kimoja ni tatizo la afya kwa wapangaji wote. Kelele, msongamano wa pikipiki asubuhi na maji taka yanayofurika ni mambo ambayo sheria za mipango zilitungwa kuyazuia. Mtu aliyenunua ploti katika mtaa wa makazi anaweza kulalamika kwa haki iwapo nyumba ya jirani imegeuka shule.

Lakini mikasa ya Dagoretti na Endarasha ilitokea katika shule, si katika sebule za watu. Inathibitisha umuhimu wa ukaguzi, ilhali haithibitishi kwamba mlezi wa watoto watano anapaswa kuajiri mtaalamu wa mipango. Mambo haya mawili yamechanganywa. Hatari inayomkabili mtoto katika nyumba ya kawaida ni jiko la makaa lililoachwa wazi, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, ndoo ya maji isiyofunikwa, au mlezi mmoja kuzidiwa na watoto wengi. Hatari hizo hazigunduliwi kwa kusoma ramani ya ploti. Hugunduliwa na afisa anayeingia ndani na kutazama.

Mataifa mengine yamelitatua suala hili kwa kutofautisha mdogo na mkubwa. Nchini Uingereza, mlezi wa nyumbani husajiliwa na shirika la ukaguzi la Ofsted au wakala aliyeidhinishwa, na kwa kawaida haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto sita walio chini ya umri wa miaka minane. Kuhusu mipango, maafisa huuliza swali moja la msingi: je, nyumba hiyo ingali makazi ya mtu? Ikiwa malezi ni shughuli ndogo inayoendeshwa ndani ya makazi, kwa kawaida kibali cha kubadilisha matumizi hakihitajiki. Ikiwa nyumba imegeuka kituo, kinahitajika.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini inatoa funzo lenye pande mbili. Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka wa 2005 humlazimu anayelea zaidi ya watoto sita kusajiliwa, na hivyo kumwacha nje mlezi mdogo. Lakini wenye vituo katika vitongoji vya watu maskini walitatizika kwa miaka mingi, kwani usajili uliambatana na masharti ya manispaa kuhusu matumizi ya ardhi na ramani za majengo, ilhali wengi wao hawakuwa na hati za ardhi. Vituo vingi vikabaki bila usajili na bila ruzuku ya serikali. Mwaka wa 2022 jukumu hilo lilihamishiwa Wizara ya Elimu ya Msingi, na mwaka wa 2025 kampeni ya Bana Pele ikaanzishwa ili kuvisajili kwa wingi na kwa ngazi, kituo kikianza na usalama wa kimsingi kisha kupanda hatua kwa hatua.

Hapa Kenya, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka wa 2017. Jambo hilo linadhihirisha kwamba bunge la kaunti halihitaji kusubiri Bunge la Kitaifa ili kutekeleza jukumu ambalo Katiba imelipa.

Kwa Migori na Homa Bay, njia iliyo wazi ni kutumia mamlaka hayo mawili kwa pamoja. Iwe ni kwa sheria mpya au kwa kanuni chini ya zilizopo, kaunti inaweza kutangaza kwamba kulea watoto wasiozidi sita, wakiwemo wa mlezi mwenyewe walio chini ya umri wa kwenda shule, katika nyumba anamoishi, si badiliko la msingi la matumizi ya jengo. Mlezi wa ngazi hiyo angejisajili tu kwa ada ndogo au bila malipo. Anayezidisha idadi hiyo angepewa masharti ya kati, na mwenye kituo kamili angefuata utaratibu wote wa idhini kama ilivyo sasa.

Sharti la mlezi mdogo liwe ni ukaguzi wa nyumba: choo, maji, jiko, ua, mahali pa kulala watoto na idadi yao. Badala ya hatimiliki, barua ya mwenye nyumba au ya chifu ingetosha kuthibitisha kwamba mtu huyo anaishi hapo. Na kwa kuwa mwenye nyumba angejua kwamba matumizi ya ploti yake hayajabadilika kisheria, asingekuwa na sababu ya kumfukuza mpangaji wake.

Wa kuwatambua walezi hao tayari wapo. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, ambao kazi yao ni kutembea nyumba hadi nyumba. Wanajua ni boma lipi lenye watoto wengi mchana kuliko usiku. Wakipewa fomu moja zaidi ya kujaza, kaunti inaweza kuwa na orodha ya walezi wake bila kuajiri mtu mpya, na afisa wa afya ya umma akajua pa kuanzia.

Pingamizi litakalosikika ni kwamba kulegeza masharti kutaipunguzia kaunti mapato. Ukweli ni kwamba kaunti haipati mapato yoyote kutoka kwa mlezi aliyejificha. Inachopata ni gharama, kwani mtoto aliyeungua au aliyeugua kipindupindu hutibiwa katika hospitali ambazo kaunti yenyewe inazigharamia.

Kuna pia suala la nia ya kisiasa. Mwaka wa 2022, wapiga kura wa Homa Bay walimchagua Gladys Wanga kuwa gavana wao wa kwanza mwanamke, nao wa Migori wakamchagua Ochilo Ayacko. Kampeni za mwaka huo, kama za miaka iliyotangulia, zilisheheni ahadi za kuwainua kina mama wafanyabiashara. Mikopo na masoko ya kisasa ni mambo mema, lakini mama hawezi kuuza katika soko jipya kutwa nzima iwapo hana pa kumwacha mtoto wa mwaka mmoja. Malezi ni sehemu ya uchumi sawa na barabara.

Walezi wenyewe wana fursa ambayo hawajaitumia ipasavyo. Kila mwaka kaunti hutunga sheria ya fedha inayoweka viwango vya ada na leseni, na Katiba inautaka umma ushirikishwe kabla ya kupitishwa. Vikao hivyo aghalabu huhudhuriwa na wenye maduka, wahudumu wa bodaboda na wamiliki wa baa. Walezi wakijiunga katika chama na kufika huko na pendekezo moja lililoandikwa, kwamba pawe na kundi lao maalumu lenye ada nafuu, wawakilishi wa wadi watalazimika kuwajibu kwa maandishi au kwa kura.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kwamba maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kibali cha matumizi ya nyumba kinaweza kuonekana kuwa jambo la karatasi na mihuri tu. Kwa mtoto wa Nyatike ambaye leo ameachwa kwa jirani, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama kuna afisa yeyote wa serikali anayejua yuko wapi mama yake akiwa machimboni. Kaunti zikiendelea kudai vibali vya shule kutoka kwa sebule, zitaendelea kupata sebule zilizofungwa milango.